Sindano ya Kofia na Prosesa za Mchangani

Duka la fundi wetu pale Mchangani, Unguja, siku hizi linauza sumaku za kubandika kwenye friji. Mlango ni ule ule wa mbao, ila umepakwa buluu, na pale dirishani alipokuwa akianika madabodi alizozisafisha kwa spiriti pametundikwa picha za Wamasai wanaoruka. Nilipita hapo na mpwa wangu, kijana anayesoma kompyuta chuoni, nikamwonyesha. Akaitikia kwa adabu, kisha akarudi kwenye lake.

"Mjomba, pana mtu Darajani ana kasha la Xeon. Viini 8, nyuzi 16. Bei yake sawasawa na laptopu ya mtumba yenye viini 4. Sasa nani atachukua viini 4?"

Nikamuuliza anataka kulifanyia nini. Kazi za chuo, akasema, na kuhariri video za harusi, maana ndiyo riziki yake ya mwisho wa wiki. Nikamuuliza tena: na Tukuza ya umeme wa nyumbani anajaza nani? Akacheka. "Mama."

Fundi, Mwenyezi Mungu amrehemu, asingecheka. Suala la umeme alikuwa akilianza yeye, kabla mteja hajaweka mashine juu ya meza.

Kabla ya kompyuta alikuwa mshona kofia, na kofia hakuziacha. Duka lenyewe lilikuwa la kuingia ubavu. Ukivuka kizingiti unakutana na moshi wa risasi ya kulehemu, kahawa iliyochacha kwenye kikombe, udi wa jirani, na upepo ukigeuka kutoka Darajani, papa mkavu. Harufu ile ilikaa kwenye nguo mpaka jioni, na mke wangu akijua nilikokuwa bila ya kuuliza. Pembeni mwa meza palikuwa na mkebe wa Nido umejaa prosesa zilizokufa, na juu ya mkebe kofia ya viua isiyokwisha, sindano imechomekwa.

Sindano ile ndiyo iliyokuwa ikinyoosha pini. Vijana wa leo hawajui kwamba prosesa ilikuwa na miguu. Pentium 4 nyingi za wakati ule zilikuwa na pini 478, nyembamba kama unywele wa singa, na hamali akiliangusha kasha kidogo tu au fundi wa haraka akiing'oa kwa pupa, kumi zinalala. Yeye alivaa miwani, akaishika prosesa kwa kingo kama ilivyo, akaingiza ncha ya sindano baina ya safu, akainua pini moja moja. Wakati huo hakuna aliyezungumza barazani. Akimaliza anaipuliza, anaiangalia kwa kuilalia kwenye mwanga wa mlango, anasema, "Haya, mpelekee bwana wako."

Bwana wangu alikuwa mwenye intaneti kafe, Shangani, wakati watalii walikuwa wakipanga foleni kuandika barua pepe. Kafe ile aliiletea seva ya Xeon, yaani prosesa ya Intel ya mashine za seva. Nimetazama tarehe: Xeon ya kwanza kabisa, ya ukoo wa Pentium II, Intel waliitoa Juni 1998. Lakini tarehe za California Unguja hazikuwa na kazi kubwa, kwa sababu mashine zilitufikia zimeshastaafu. Ya kwetu ilitoka Dubai, seva yenye prosesa mbili, ikashushwa Malindi na kupakiwa mkokoteni, kwani kule ndani gari halipiti. Ilivyokuwa nzito, watu walidhani tumeleta sefu.

Na kazi iliyopewa? Kugawa laini moja ya setilaiti kwa mashine za wateja na kuhesabu dakika zao. Kazi ambayo Pentium III moja ingeifanya na kubaki na nafasi. Lakini tajiri alitaka seva, na seva ikawekwa chumba cha nyuma, feni zake zikivuma mchana kutwa hadi mtalii mmoja akauliza kama tunasaga nazi.

Fundi alipokuja kuifungua hakutazama kasi. Alichomoa kijiti kimoja cha RAM akanipa. "Hesabu vyeusi." Nikahesabu vipande upande mmoja: 9. Akanipa kijiti cha kompyuta ya mteja: 8. Hicho cha tisa, akasema, ndicho mshahara wa seva. RAM ya kawaida huhifadhi biti 64 kwa mkupuo. Ile ya seva, yaani ECC, huongeza biti 8 za ukaguzi, ikawa 72. Biti moja ikigeuka kwa bahati mbaya, mashine inairekebisha yenyewe. Zikigeuka mbili, inajua pana kosa na kulipigia kelele. Kwenye barua ya mtalii kosa la biti moja ni herufi iliyoharibika. Kwenye daftari la benki ni pesa ya mtu.

Akaendelea huku akishona. Seva ni gari la shamba na laptopu ni Vespa. Gari la shamba halikimbii, lakini lina watu, kuku, muhogo na baiskeli juu, na linaondoka asubuhi linarudi usiku kila siku. Vespa inapita uchochoroni na mtu mmoja, na kwa mtu mmoja inawahi kufika. "Bwana wako," akasema, "kapanda gari la shamba peke yake kwenda Forodhani."

Kilichomkera zaidi ni chokaa. Kuta zetu za mawe na chokaa hazikomi kupukutika, na seva ina feni za kuvuta hewa nyingi. Ukifungua kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa unakuta unga mweupe umeganda baina ya mapezi, umelowana na unyevu wa bahari, umekuwa plasta kamili. Alikuwa akiukwangua kwa mswaki mkavu, na grisi ya kupitisha joto anaipaka upya kiasi cha punje ya choroko. Seva zimeundwa kwa vyumba vyenye kiyoyozi na hewa kavu. Sisi tuliiweka kwenye stoo ya nyumba iliyojengwa kabla ya umeme.

Mwaka 2003 watalii wakaanza kuja na laptopu zenye kibandiko cha Centrino. Ndani yake mlikuwa na Pentium M, iliyobuniwa na wahandisi wa Intel wa Haifa. Fundi alipoletewa moja hakuamini. Gigahezi 1.6, na inakwenda bega kwa bega na Pentium 4 ya zaidi ya gigahezi 2. Inakula wati 24.5 tu, wakati Pentium 4 za mezani zilikuwa zimeshapita 60. Kwa hiyo ile hesabu ya gigahezi, ambayo wauza duka wote wa Darajani walikuwa wakiisoma kama bei ya karafuu, ilikuwa haielezi kitu.

Halafu likaja jambo ambalo mpwa wangu hakufundishwa, au alifundishwa akalala. Xeon za wakati ule zilikuwa za ukoo wa Pentium 4, na zilikuwa zikiungua. Juni 2006 Intel wakatoa Xeon za 5100, na mishipa yake ilikuwa imetokana na Pentium M. Yaani seva iliokolewa na laptopu. Wale waliohangaika kuifanya betri idumu ndio waliompa nafuu mwenye chumba kizima cha mashine, kwa sababu na yeye kilichokuwa kikimmaliza ni joto na bili.

Ya kwanza ya aina hiyo ilipomfikia Mchangani, fundi aliigeuza chini juu akanyamaza. Haikuwa na pini hata moja. Chini ni vidoto bapa vya dhahabu. Pini zimehamia kwenye madabodi, zimepinda kwa makusudi, na ukizigusa umeharibu. Akairudisha sindano kwenye kofia.

Lile giza la 2008, umeme ulipokatika Unguja, kila mtu analikumbuka, na lile refu zaidi lililoanza Desemba 2009 likaingia hadi Machi. Waya wa umeme wa baharini uliolazwa 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulikuwa umechoka. Sitasimulia maji wala friji. Nasimulia seva. Jenereta la kafe lilikuwa dogo, petroli ya kupanga foleni, na kitu cha kwanza tajiri alichokizima ni seva yake. Ilikuwa na desturi ya kuchukua dakika nzima kadhaa kujikagua kila inapowashwa, na jenereta likikohoa tu inaanza upya. Fundi akaja na laptopu ya Pentium M aliyoikusanya kwa vipande, akaiweka juu ya kigoda, akaiunganisha na laini. Kazi yote ya lile dude ikafanywa na kitu cha kubebwa kwapani. Jenereta likizimwa kutiwa mafuta, betri inashika. Wateja hawakujua kama pamebadilika kitu, ila walishukuru kelele zimekoma.

Umeme uliporudi, seva haikuwashwa tena. Ikawa meza ya kuwekea chai.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Waya mpya wa megawati 100 ukaja 2013. Simu zikaua kafe. Buku la wageni la hoteli likahamia kwenye seva za watu wengine, nchi nyingine. Amazon walifungua vituo vyao vya seva Cape Town mwaka 2020, na baadhi ya seva zao zinaendeshwa na prosesa za ukoo wa ARM, ule ule wa simu iliyomo mfukoni mwako. Fundi alishafariki. Na laptopu nyembamba zikaanza kuja na prosesa iliyolehemiwa kwenye madabodi, RAM pia mara nyingi, kiasi kwamba ikifa hakuna cha kunyoosha wala kubadilisha. Inatupwa jaani pamoja na kioo kizima. Hili linaniudhi kuliko sumaku za friji. Seva mpaka leo bado inafunguka, kila kitu kinachomoka na kurudishwa. Anayeweza kulipia mafundi ndiye aliyeachiwa mashine inayotengenezeka.

Nilikwenda na mpwa wangu Darajani kulitazama kasha lake. Xeon E5-2670, ya mwaka 2012: viini 8, nyuzi 16, gigahezi 2.6, wati 115. Ni prosesa nzuri, sisemi vingine. Ukiipa video ya saa tatu iisindike usiku kucha, au ukitaka kuendesha mifumo mingi kwa pamoja, inaichosha laptopu ya kati, na inakubali RAM hadi gigabaiti 384. Lakini ndani yake haina sehemu ya picha: bila kadi ya picha ya kununua mbali, kioo hakiwaki. Laptopu tuliyoilinganisha nayo ni i5-8250U ya 2017, viini 4, wati 15, ikihitaji kasi inapanda hadi gigahezi 3.4. Kiini chake kimoja ni chepesi kuliko kiini kimoja cha ile Xeon, na kazi nyingi za mtu mmoja ni za kiini kimoja. Ndani yake mna sehemu ya picha inayojua kusindika video yenyewe. Upungufu wake ni pumzi: ikishapata joto inapunguza mwendo, na video ndefu itaisotea.

Nikampigia hesabu ya nyumbani. Kasha likila wati 200 kwa saa 10 ni uniti 2. Laptopu ikila 30 kwa saa hizo hizo haifiki hata theluthi ya uniti. Na umeme ukikatika, kasha linazima na kazi yake, laptopu inaendelea.

"Kwa hiyo Xeon mbaya, mjomba?"

Si mbaya. Akipata wenzake wawili watatu, wakakodi chumba Mlandege chenye umeme wa uhakika na UPS, wakawa wanasindika harusi nne kwa usiku, basi na waichukue, na kadi ya picha juu yake. Kwa kijana mmoja anayekaa kwa mama, laptopu. Na wewe msomaji ukikuta kasha kama hilo, usishike hesabu ya viini peke yake. Muulize muuzaji ni ya mwaka gani, inakula wati ngapi, kadi ya picha iko wapi, na RAM yake ya seva inauzwa na nani hapa Unguja, maana ya laptopu yako haitaingia.