Nyumba yenye kubaki nyuma ya mwenyewe

Katika Kiswahili chetu cha Katanga, kuuza ni kununua. Mtu mwenye kutoa mali yake ili apate makuta, yeye anauzisha. Wageni kutoka Tanzania wakitusikia wanacheka, wanadhani tumegeuza maneno. Lakini tukifikiri vizuri tunaona kwamba neno letu lina akili. Kuuzisha ni kumfanya mwingine anunue. Ni kazi ya watu wawili, na mara nyingi ni ya ukoo mbili. Katika maandishi haya tutafuata kinywa chetu: anayetoa anauzisha, anayechukua ananunua. Na jambo tunalotaka kulieleza ni nyumba: namna gani hapa Sandoa nyumba ilifika kuwa kitu cha kuuzisha, na mila yetu inasema nini juu yake.

Zamani nyumba haikuuzishwa, kwa sababu hakuna mtu angeinunua. Miti, kamba na nyasi vilikuwa porini, udongo ulikuwa chini ya miguu. Mwenye nyumba akifa, nyumba iliachwa ianguke au ilibomolewa, na mara kwa mara kijiji kizima kilihama. Hata wakubwa walifanya hivyo. Kabla ya ukoloni, Mwant Yav mpya alijenga musumba wake mahali papya, katika nchi ya mto Kalanyi, na mpango wa mji ulifuata umbo la kobe. Mji wa mfalme wa kwanza ulirudi kuwa pori. Kilichobaki hakikuwa ukuta. Kilibaki jina. Kwa Walunda, mwenye kurithi jina la marehemu anakuwa marehemu yule: anaitwa kwa jina lake, anachukua undugu wake wote, na wajukuu wa yule wanakuwa wajukuu wake. Jirani zetu Watshokwe wana desturi ya karibu na hiyo, lakini kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mrithi ni mtoto wa dada.

Tofali ndiyo iliyogeuza mambo. Ilianza na wamisionere na watu wa Leta, kisha wachuuzi, kisha waalimu na wauguzi, mwishowe kila mtu mwenye nguvu ya mikono. Wakati wa kiangazi tunachimba udongo wa kichuguu, tunaukanyaga na maji, tunaupiga katika kibao, tunaanika, kisha tunapanga tanuru na kulichoma kwa kuni usiku na mchana. Juu tunaweka mabati. Nyumba ya namna hiyo haifi pamoja na mwenyewe. Inabaki imesimama, na watoto wanabaki wanaitazama. Tunaweza kusema kwamba nyumba ya tofali imeingia katika ukoo kama mtu mpya, lakini wazee hawakutuachia mila ya kumpokea.

Mwenye kutaka kuuzisha anatengeneza nyumba mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa. Barabara ya kutoka Kasaji, pale reli inapopita, bado ni kavu, na gari zinafika. Mavuno yameuzishwa, kwa hiyo watu wana makuta kidogo. Masomo yanaanza mwezi wa tisa, na waalimu wapya wanatafuta mahali pa kukaa. Basi tunaziba nyufa, tunapiga ukanda wa simenti chini ya ukuta ili matone ya mvua yasiule, tunapigilia upya misumari ya mabati, tunafyeka lupango na kulima mpaka wake ili uonekane. Ndani na nje tunapaka udongo laini, na mwenye kukosa chokaa anapaka pemba. Wasomaji wanajua kwamba pemba, ule udongo mweupe, si rangi tu: ndiyo tunayowapaka watu tukiwabariki.

Mnunuzi mwenye akili naye ana kalenda yake. Anakuja kuangalia mwezi wa tisa, anasifu ukuta mweupe, halafu anasema atarudi. Anarudi mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, anaingia bila kupiga hodi ndefu, anatazama juu. Ndiyo maana mwenye nyumba anataka kumaliza maneno mapema, na mnunuzi anataka kuchelewa.

Lakini kutengeneza ukuta ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kutengeneza watu.

Sisi tulilijua hilo kwa nyumba ya baba. Baba alikuwa Mutshokwe, mama ni Mulunda. Sisi watoto tuko sita, watano tunakaa Kolwezi na Lubumbashi, mmoja tu alibaki Sandoa, na yeye pia alikuwa anataka kuondoka. Mabati yalianza kutoboka, na kila mwaka tulituma makuta ambayo hatukuona kazi yake. Tulipokutana na kusema nyumba iuzishwe, binamu yetu, mtoto wa dada ya baba, alisimama. Yeye ndiye aliyepewa jina la baba siku ya kumaliza kilio. Alisema kwa sauti ya upole: "Nyumba ya mjomba ni yangu, kwa sababu mimi sasa ndiye mjomba. Mimi ni baba yenu." Kwa mila hakusema uongo. Na mama, aliyekuwa ameketi mlangoni, alisema neno lake pia: "Batoto yangu, hiki kibambazi nilipaka na mikono yangu. Muko nauzisha mikono yangu?"

Sheria ya inchi inasema namna nyingine. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mume au mke aliyebaki, wazazi, na kaka na dada za marehemu. Mwenye kupewa jina hatajwi. Tena mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Wengi hapa wanashika sehemu ya kwanza ya sheria hiyo, inayowapendeza, na kusahau ile ya mjane.

Tungeweza kumfungia binamu mlango kwa sheria. Wazee wa pande zote mbili walitushauri tumsikilize. Mzee mmoja alimjibu hivi: "Kama wewe ni baba yao, basi huyu mama ni mzigo wako. Baba hauzishi paa juu ya kichwa cha mama wa watoto wake, wala hazuii watoto wake kula." Neno hilo lilifungua njia. Binamu alikubali kukaa katika mkutano kama baba: si mwenye nyumba, lakini mtu ambaye bila yeye nyumba haitoki. Tulimpa kiti cha baba, shoka lake na mbuzi mmoja. Kwa mama tulijenga kwanza nyumba ya vyumba viwili katika lupango ya dada yake, na alihamia kabla mnunuzi hajalipa. Alipaka pemba ukuta wake mpya yeye mwenyewe, na hakutaka msaada wetu.

Kisha ilikuja karatasi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Leta, na haki ya mtu juu ya lupango inaonyeshwa na sertifika ya konservateri. Lakini huku, watu wengi wana karatasi ya shefu tu, au hawana kitu ila mwembe uliopandwa na baba mpakani na jirani mwenye kukumbuka siku ulipopandwa. Ndiyo sababu jirani ni shahidi wa kwanza. Asipoitwa leo, ataitwa kesho na mahakama. Mijini tunaona kuta zilizoandikwa kwa rangi, kwa Kifaransa, kwamba lupango hii si ya kuuzisha. Kuta hizo zinaogopa komisioneri wadanganyifu, ndiyo, lakini mara nyingi zinamwogopa mtoto wa nyumba ile ile.

Wenzetu wa Kolwezi wametufundisha jambo lingine. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua kobalti chini ya makao yao, wakaanza kuchimba mashimo katika lupango, hata ndani ya vyumba vya kulala. Kufika mwaka 2017 sehemu ya mtaa iliondolewa watu ikawekewa ukuta, mahali pa machimbo. Pale bei ya nyumba haikuwa tena bei ya nyumba. Tangu hapo, hata Sandoa, mtu akija na dola nyingi kwa nyumba mbaya, wazee wanamuuliza kwanza: "Unataka ukuta, ao unataka chini?"

Hatusemi nyumba za wazazi zisiuzishwe. Nyumba isiyokaliwa na mtu inaliwa na mchwa, na watoto waliotawanyika wanaanza kugombana kwa barua na kwa telefone. Tunasema kuna utaratibu, na utaratibu huo ndio mila ambayo kizazi chetu kinapaswa kuiweka, maana wazee hawakuwa na tofali ya kurithi. Jina lipewe mtu kwanza, kilio kimalizike. Mjane apate paa lake kabla ya bei kutajwa. Mwenye jina akae mkutanoni, hata kama sheria haimtambui. Jirani aitwe aonyeshe mpaka. Karatasi iandikwe mbele ya wote. Baada ya hayo, zibeni nyufa, pakeni pemba, na mumwite mnunuzi. Hata akija siku ya mvua, hamtakuwa na cha kuficha.