Safari Yetu Katika Nchi ya Uholanzi

Mwaka uliopita, katika mwezi wa Juni, Mwenyezi Mungu alitujaalia kuizuru nchi ya Uholanzi. Hatukwenda kwa matembezi matupu. Dada yetu aliyeko Pemba anaye huko mwanawe wa pekee, mpwa wetu, aliyekwenda kusoma ilimu ya maji katika mji wa Delft. Kijana alikuwa amekwisha maliza masomo, simu zake kwa mamake zimekuwa chache, na khabari zikavuma kuwa amepata kazi huko huko. Dada yetu akatuita akatuambia: "Kaka, nenda kanitazamie mwanangu, uniletee jawabu moja tu: atarudi, au harudi?" Hiyo ndiyo amana tuliyotoka nayo, na kila mji tulioupita tuliupita nayo kifuani.

Kwanza, jina. Sisi Waswahili twaiita nchi yote Uholanzi, lakini Holland khasa ni majimbo mawili tu kati ya kumi na mawili. Mtu wa Friesland au wa Zeeland ukimwita mtu wa Holland hukutazama kama Mpemba aliyeitwa Muunguja.

Ndege ilitutua Schiphol. Mahali pale palikuwa ziwa kubwa lililoitwa Haarlemmermeer, hata 1852 walipomaliza kulikausha kwa mashine za mvuke. Basi msafiri anapoweka mguu wake wa kwanza katika nchi hiyo, huuweka juu ya sakafu ya ziwa, kiasi cha mita tatu chini ya usawa wa bahari, na hapana anayemwambia. Robo nzima ya nchi iko hivyo. Lau mashine za kuvuta maji zingesita, na matuta yakavunjika, bahari ingerudi kudai kilicho chake.

Mpwa wetu alitupokea. "Shikamoo mjomba," akasema, akatubusu mkono kama alivyofunzwa. Moyo wetu ulitulia kidogo. Amana ya mamake hatukuitoa siku ile, kwani mgeni haulizi swali zito kabla hajala.

Delft ni mji mdogo wa mifereji na vigae vya buluu, wenye chuo cha ilimu ya maji kilichoanza 1957, ambacho huwakusanya vijana wa Asia na Afrika. Kilichotushughulisha huko zaidi ni Sala. Katika mwezi wa Juni jua la nchi hiyo huchwa baada ya saa nne za usiku, na wekundu wa mbingu hukaribia kutoondoka kabisa. Isha huwa usiku wa manane, na mara Alfajiri inabisha hodi. Maulamaa wametoa njia kwa watu wa nchi za namna hiyo, lakini njia ni moja na usingizi ni mwingine. Tulilala sebuleni kwa kijana, tukijifanya tumelala, tupate kujua. Alfajiri ile, baada ya usingizi wa saa mbili au tatu, tulimsikia akichukua udhu. Twakiri kuwa yeye ndiye aliyetuamsha sisi.

Amsterdam tuliipita kwa siku moja. Mifereji yake ya karne ya kumi na saba ni mizuri, baiskeli zake ni balaa kwa mtu wa pwani asiyejua upande wa kutazama, na kasri lake la mjini limesimama juu ya nguzo 13,659 za mbao zilizopigwa katika tope. Lakini tulipozitazama zile nyumba za matajiri wa kale hatukuweza kusahau zilikotoka mali. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki iliundwa 1602, na 1621 jeshi lake liliwaangamiza au kuwahamisha karibu watu wote wa visiwa vya Banda, na wengi wao walikuwa Waislamu, kwa ajili ya kungumanga. Kungumanga! Sisi wa nchi ya karafuu twajua kiungo kinavyoweza kuwa mtego wa mkulima wake. Mfalme wa nchi hiyo aliomba radhi kwa utumwa katika 1 Julai 2023. Na 2020 alikuwa ameomba radhi huko Indonesia kwa mabavu ya vita vya baada ya 1945.

Leiden ilitutia wivu, wala hatuoni haya kusema. Chuo chake kikuu ni cha 1575, na 1613 kilimweka Thomas Erpenius kuwa mwalimu wa Kiarabu. Baadaye balozi wao aliyekaa Istanbul, Levinus Warner, alipokufa 1665 aliwaachia kiasi cha vitabu elfu moja vilivyoandikwa kwa mkono. Humo kimo kitabu cha Imam Ibn Hazm wa Andalusi, Tawq al-Hamama, na hiyo ndiyo nakala pekee ya kale iliyosalia ulimwenguni. Kitabu cha Muislamu, na anayetaka kuiona nakala yake yampasa aende Leiden! Ni kweli kuwa ilimu ile haikukusanywa yote kwa nia safi: Snouck Hurgronje wa mji huo huo alikaa Makka katika 1885, kisha akaishauri serikali yake namna ya kuwashinda Waislamu wa Aceh. Hata hivyo tulijiuliza ni visanduku vingapi vya vitabu vya masheikh wetu vimeliwa na mchwa huku Pwani, na mwizi wake hakuwa Mzungu.

Den Haag, iliko serikali, tuliiona kwa dirisha la gari la moshi, ambalo siku hizi halitoi moshi. Ijumaa tulikuwa Rotterdam. Mji huu uliteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani tarehe 14 Mei 1940, na kwa hivyo karibu kila kitu katikati yake ni kipya. Upande wa kusini upo msikiti wa Essalam, uliofunguliwa 2010, wenye minara miwili. Baada ya Sala tulizungumza na mzee mmoja wa Kimorokko kwa Kiarabu chetu kibovu na chake cha Rif. Serikali ya Uholanzi iliandikiana mapatano ya wafanya kazi na Uturuki katika 1964 na Morokko katika 1969, naye alikuja ujanani nyuma ya mapatano hayo. "Nilikuja kwa miaka miwili," akasema. Amejenga nyumba kwao, yenye milango ya chuma, na hukaa humo wiki nne kwa mwaka. Tulimtazama mpwa wetu. Alikuwa akitafuta viatu vyake.

Siku ya pili akatupeleka Zeeland, jimbo la visiwa, na huko ndiko tulikokaa sana.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 tufani ya kaskazini-magharibi ilikutana na maji makuu, na matuta ambayo hayakutunzwa vema tangu vita yakakatika. Redio ya nchi haikuwa ikitangaza usiku, kwa hivyo watu walilala wasijue. Walikufa 1,836. Kijijini Ouwerkerk, ambako tundu la mwisho lilizibwa mwezi wa Novemba mwaka ule, masanduku makubwa ya zege yaliyozamishwa kuliziba yamefanywa nyumba ya makumbusho. Humo huonyeshwa majina ya waliokufa, nao huihesabu idadi yao hivi: 1,835 na mmoja. Huyo mmoja ni mtoto mchanga aliyezaliwa usiku ule ule, akafa kabla hajapewa jina. Tulisimama hapo muda mrefu.

Kisha tukaliona lango la Oosterschelde. Kwanza walikusudia kuiziba bahari kabisa. Wavuvi na walinzi wa viumbe wakakataa, kwani chaza na samaki wangekufa. Baada ya mabishano wakajenga ukuta wenye milango 62 ya chuma, ambayo hukaa wazi siku zote na kufungwa bahari inapotishia. Ulifunguliwa 1986. Lakini mpwa wetu hakusifu chuma. Alisema kuwa nguvu yao ni mabaraza ya maji, ambayo ni ya kale kuliko ufalme wenyewe. Watu huyachagulia wajumbe, nayo hutoza kodi yake mbali. Zamani kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta. Akishindwa kukitengeneza, alichomeka beleshi lake katika tuta akaondoka, na aliyeling'oa alichukua tuta na shamba pamoja. Kwetu tungeiita kazi hiyo fardhi kifaya. Lakini sisi mara nyingi hulielewa neno hilo kuwa mwingine ataifanya.

"Mjomba," akasema kijana tukiwa juu ya ukuta, "shamba la babu la mpunga limeingia chumvi mpaka wapi sasa?" Tukamwambia: mpaka kwenye minazi. Akanyamaza.

Safari ya mwisho ilikuwa kaskazini. Tulipita juu ya Afsluitdijk, tuta la kilomita 32 lililokamilika 1932, lililoikata bahari ya Zuiderzee ikawa ziwa la maji matamu. Katika sakafu ya bahari ile wamepata jimbo zima, Flevoland, ambalo lilitangazwa la kumi na mbili katika 1986. Ng'ombe wanalisha palipopita merikebu. Mashariki yenye misitu, na Limburg yenye vilima huko kusini, hatukufika, siku zilitwishia.

Friesland, karibu na kijiji cha Balk, ni pahali paitwapo Wyldemerk. Katika 1951 Uholanzi iliwachukua kiasi cha watu 12,500 wa visiwa vya Maluku, waliokuwa askari wake huko Indonesia pamoja na jamaa zao. Walipofika waliachishwa uaskari. Wengi walikuwa Wakristo, lakini Waislamu walikuwamo, na hao walikusanywa katika kambi hiyo ya Wyldemerk. Katika 1956 walijenga msikiti mdogo wenye mnara. Wote walidhani watakaa miezi michache tu kisha warejeshwe kwao. Kambi ilifungwa 1969. Wakahamia Ridderkerk na Waalwijk, wakajenga misikiti mingine. Leo hapana kambi wala msikiti wa kwanza. Pana miti.

Hapo ndipo tulipoitoa amana. Tukamwambia: "Mamako auliza, warudi au hurudi?"

Akajibu, "Mwambie miaka miwili, mjomba. Kazi niliyopewa ni ya chumvi katika mashamba. Sijui bado kutosha."

Tukasema, "Mzee wa Rotterdam naye alikuja kwa miwili. Na wa hapa kwa miezi."

Hakukasirika. Alitazama ile miti, akasema, "Nilikuleta hapa makusudi. Mimi mwenyewe huja."

Siku ya kuondoka alitutilia mkobani kipimo kidogo cha chumvi, mfano wa kalamu, na daftari lenye mistari aliyoipiga kwa mkono wake: tarehe, kisima, bonde la juu, bonde la chini. Akataka mamake apime kila mwezi, maji yakiwa makuu, ampelekee hesabu. Tulimfikishia dada yetu maneno yote bila ya kupunguza, na ya miaka miwili pia. Alikigeuza kile kipimo mara nyingi, akatuuliza huwashwa wapi. Amekwisha jaza miezi minne. Kila anapopeleka hesabu, kijana hupiga simu siku ile ile, na huzungumza mpaka salio liishe.