Mwihoko, Mahali Mahubiri Yanapochukuliwa Nyumbani

Msomaji aliyepata kusafiri kwa barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika hapana shaka anaijua Githurai, walau kwa makelele yake. Pana soko kubwa karibu na reli, ambapo nyanya, vitunguu na nguo za mitumba hutandazwa chini, na wanunuzi hupita katikati kwa shida. Watu hupaita Arobaini na Tano. Jina hilo halikutoka kwa mzee yeyote wa zamani bali katika namba ya basi lililokuwa likiwapeleka huko, na wa upande wa pili wa barabara wana Arobaini na Nne yao. Lakini ni wachache katika wasafiri ambao hushuka hapo, wakageuka upande wa mashariki, wakaenda ndani mpaka Mwihoko. Leo nataka kuwapeleka huko. Mlima wa kutazamwa hapana, wala maporomoko ya maji. Iko desturi moja ya watu wake ambayo naona yafaa ijulikane.

Mwihoko ni wadi mojawapo ya jimbo la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Neno lenyewe ni la Kikikuyu, na maana yake ni tumaini. Pande hizi zote za Ruiru zamani zilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, ya kahawa na ya mkonge. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mengi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi waliochanga fedha zao, yakapimwa, yakakatwa vipande vidogo vidogo. Basi penye shamba moja leo pana viwanja, au ploti kama wenyeji wasemavyo, na juu ya kila kiwanja nyumba ya mawe, mara nyingine ya orofa tatu au nne yenye wapangaji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120. Wengi wao hawakuzaliwa hapo. Wametoka Murang'a, Nyeri, Machakos, Kisii, Kakamega, Siaya, na asubuhi huenda Nairobi kazini, wakarudi usiku. Mtu aweza kukaa miaka miwili asijue jina la jirani ambaye ukuta wao ni mmoja.

Jambo lingine la Mwihoko ni tope. Udongo wake mwingi ni ule mweusi unaonata, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na wakati wa masika humvua mtu kiatu mguuni. Jumapili ya mvua utawaona waumini wamevaa viatu vya mpira mpaka magotini, na viatu vya ibada wamevifunga katika mfuko wa kwapani. Mlangoni mwa kanisa hubadilisha. Nimeona safu ya viatu vya mpira ukutani, jozi arobaini na zaidi, nikashangaa jinsi kila mwenyewe anavyokitambua cha kwake. Nalitaja tope hili mapema kwa kuwa litarudi katika habari yangu.

Makanisa ni mengi, ya mawe, ya mabati na ya turubai. Ukisimama njia panda saa nne asubuhi waweza kusikia mahubiri matatu kwa pamoja kwa vipaza sauti, na usipate hata moja. Mimi nina dada yangu akaaye huko na mumewe, na nikiwa na nafasi huenda kuwaamkia. Kanisa lao ni la mabati, na waumini wamegawanywa kwa mitaa, kila mtaa chini ya mzee mmoja wa kanisa. Jumatano jioni watu wa mtaa hukusanyika katika nyumba mojawapo, kwa zamu. Viti huazimwa, chai huchemshwa, na baada ya wimbo na maombi mzee huuliza swali ambalo kila mmoja ameshalizoea: "Jumapili ulibaki na nini?"

Sharti la kwanza ni kwamba hapana kuhubiri tena. Mtu husema neno moja alilolishika, na neno moja lililomshinda, kisha hunyamaza. La pili ni kwamba mzee husema mwisho, maana akisema kwanza wengine wote watasema kama yeye. Naona sharti hili la pili lingefaa hata katika mikutano ya maofisi yetu. La tatu halikutungwa na mtu, limekuja kwa haja tu. Kwa kuwa watu ni wa makabila mengi, husema Kiswahili, na yule asiyekijua vizuri hutafsiriwa na mtoto wa shule. Mara nyingi mtoto huyo ndiye anayeyaelewa mahubiri kupita wote, kwa sababu ameyasikia mara mbili na kuyasema mara moja.

Mimi ni karani, na kazi yangu kwa miaka kumi na mmoja imekuwa kuandika kumbukumbu za mikutano. Najua basi kwamba yawezekana maneno yote kuandikwa sawasawa, yakatiwa sahihi, yakafungiwa katika faili, na lisitendeke hata moja. Siku hizi mahubiri nayo huandikwa na kunaswa katika simu, na kabla jua halijachwa yameshapelekwa kwa watu mia. Sisemi ni vibaya. Ila nimeuliza pale mtaani ni nani aliyepata kuyasikiliza tena yale aliyopelekewa kwa simu, na jibu lilikuwa kicheko.

Desturi hii si ngeni. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol kule Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao. Wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa juma, na watu kumi na wawili wawe chini ya kiongozi mmoja wa kuzikusanya. Kiongozi alipozunguka nyumba kwa nyumba akitafuta peni, akakuta ulevi, ugomvi na wagonjwa wasiozuriwa, na hivyo mkusanyo wa fedha ukageuka kuwa mkutano wa kuulizana hali ya roho. Watu wa Mwihoko, ambao bado wanachanga fedha za kuondoa mabati na kuweka mawe, wataielewa habari hiyo upesi kuliko wengine.

Kwetu Afrika ya Mashariki ulikuja Uamsho, ambao chanzo chake kilikuwa huko Gahini, Rwanda, na ambao ulifika Kenya mwaka 1937. Hao Ahonoku, yaani waliookoka, walikutana hata bila mchungaji, wakasoma Neno, na kila mmoja akasema limemwambia nini, mume mbele ya mkewe na fundi mbele ya mwalimu wake. Wakati wa Hali ya Hatari iliyoanza mwaka 1952 wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo wakakataa na kushika bunduki, na wako waliouawa kwa ajili hiyo. Wakatoliki nao, maaskofu wao wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, walikubaliana kuijenga kazi ya Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo. Leo hata katika Mwihoko utazikuta zikikaa na Injili ya Jumapili katika vyumba vya kupanga.

Lakini kilichowafundisha watu wa mtaa wa dada yangu maana ya jambo hili hakikuwa historia. Ilikuwa korona. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya mwisho wa mwezi huo makanisa yalikuwa yamefungwa. Mwezi wa Julai yaliruhusiwa kufunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasiingie watoto wasiotimiza miaka 13 wala wazee waliopita miaka 58. Hebu fikiri maana yake. Wale waliolijenga kanisa kwa shilingi zao ndio waliokatazwa mlango, na vijana ambao kwa desturi hukaa nyuma wakitazama simu ndio walioachiwa viti vya mbele.

Katika mtaa ule alikuwako bibi mmoja mwenye miaka sabini na kitu, ambaye wote humwita Cucu, yaani nyanya. Kusoma hajui, simu yake ni ya kupokea tu, na hakupata kukosa ibada tangu alipohamia kwa mwanawe. Mzee wa kanisa aliwagawia vijana wazee wa kuwaletea mahubiri, kila kijana na mzee wake. Cucu akapewa mvulana wa kidato cha tatu. Jumapili ya kwanza mvulana alisimama nje ya lango, barakoa usoni, akasema kwamba mchungaji amehubiri juu ya imani. "Imani gani?" akauliza Cucu. Hakuwa na jibu. "Alisoma wapi?" Hakukumbuka. Cucu akamwambia, "Mjukuu wangu, ukitumwa dukani kuleta sukari, waweza kurudi ukaniambia duka lilikuwa zuri?"

Jumapili iliyofuata mvulana alikwenda na daftari. Dada yangu anasema alimwona kanisani amekaa wima kama askari zamuni, na mchungaji alipopita haraka juu ya jambo, kijana akakunja uso, kwa kuwa alijua ataulizwa. Kabla ya hapo alikuwa akisikiliza kwa ajili yake mwenyewe, jambo ambalo halina mkaguzi. Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Eutiko, aliyesinzia dirishani wakati Paulo akihubiri, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Nadhani asingalisinzia kama angalikuwa na nyanya wa kumwuliza nyumbani.

Masharti hayo yalipoondolewa Cucu alirudi kwenye kiti chake, lakini maswali yake hayakukoma, aliyahamishia Jumatano. Na sasa nifike kwenye tope.

Mwaka juzi wakati wa masika mtu mmoja wa mtaa huo aliinua uwanja wake kwa malori kadhaa ya moramu, akafanya vyema kwa upande wake. Maji yaliyokuwa yakipita kwake yakageukia kwa jirani, yakaingia jikoni. Wote wawili ni waumini wa kanisa lile na wa kundi lile la Jumatano. Walikwisha kwenda kwa chifu na kurudi, nao walikuwa wakikaa pembe mbili za chumba. Jumapili moja mahubiri yalikuwa juu ya Msamaria Mwema, na Jumatano nilikuwapo. Watu walisema maneno mazuri ya huruma. Binti mmoja alisema kilichomshinda ni kwamba yule kuhani aliyepita kando huenda alikuwa akitoka katika kazi ya hekalu, na watu wakaguna kidogo. Kisha ikawa zamu ya Cucu.

"Mimi nilibaki na zile dinari mbili," alisema, na mtoto akatafsiri. "Mchungaji alizipita mbio. Yule Msamaria alifunga vidonda, akambeba mtu, lakini pia alilipa mwenye nyumba ya wageni. Nataka kujua, mabomba ya saruji ya kupitisha maji ni pesa ngapi?"

Chumba kizima kikanyamaza. Mwenye moramu alisema kwamba hapa tumekuja kutafakari Neno, si mambo ya viwanja. Mzee wa kanisa, ambaye kwa sharti hakuwa amesema bado, alisema kwamba Cucu ameuliza swali na swali la bei lina jibu. Fundi aliyekuwapo akataja bei ya bomba moja, akakisia kwamba yatatosha sita. Mume wa dada yangu akasema atatoa la moja, wengine wakafuata, na mwenye jikoni lililoingia maji akasema atachimba mwenyewe. Mwenye moramu aliondoka kabla ya chai.

Mimi sikulipenda jambo hilo wakati ule, nami nakiri kwamba bado sina uhakika nalo. Mtu akiogopa kwamba kesi yake italetwa katikati ya Neno, huenda akaacha kuja, na huyu aliacha. Kwa upande mwingine, kama Neno halitagusa maji yaliyo jikoni, sijui litagusa nini. Nilipomwuliza mzee wa kanisa alijibu kikarani kuliko mimi: mfereji ulichimbwa siku ya Jumamosi mbili, mabomba yaliyopatikana ni matano, la sita bado.

Masika yaliyopita maji yalipita vizuri, isipokuwa pale penye pengo la bomba la sita, ambapo huvuja kidogo njiani. Mwenye moramu husali siku hizi katika kanisa lingine karibu na Kimbo, na Jumatano haonekani. Lakini Cucu hakumwacha. Kila Alhamisi humtuma mjukuu wake mdogo, msichana wa miaka kumi, kumpelekea neno moja lililosemwa katika kundi. Nilimwuliza mtoto yule hupokewaje. Aliniambia kwamba mzee huyo humsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama langoni, humwuliza ni nani aliyehubiri, kisha husema asante na kufunga lango.

Nikataka kujua Alhamisi ile alikuwa amebeba neno gani. Mtoto alikunja vidole vyake kimoja kimoja, akipanga maneno asiyasahau, akaniomba nisimcheleweshe.