Miezi Minane au Sufuri

Nyumbani kwetu Malindi kuna makundi mawili ya tiba, na hayaelewani.

La kaka yangu linafuata hatua kumi na mbili, zile zilizoanzishwa na walevi kule Marekani miaka ya 1930, kisha zikachukuliwa na waraibu wa dawa nyingine. Mnakaa duara, unataja jina, unasema wewe ni mraibu, wenzako wanasikiliza. Hakuna kukatizana. Cha kwanza kabisa unakiri kwamba unga umekushinda. Kuna wanaoona huko ni kukata tamaa. Mimi naona ni kupumzika: miaka sita mtaa mzima ulimwambia "jikaze tu bana", na kujikaze huko hakukuwahi kushinda arosto.

La mama ni la akina mama watupu, vikao vitano, mfumo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020. Anayeliongoza si daktari, ni jirani aliyefunzwa. Wanajifunza kupumua taratibu, kisha unachagua tatizo moja unaloliweza na kulikata vipande vipande. Mama akachagua kaka.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kaka hunywa methadoni kila siku kliniki. Kwa mama, kila akienda ni kipande kimekwisha, anatia alama kwenye kalenda ya ukutani. Kwenye kundi la kaka wanasema aliye kwenye methadoni bado si safi, siku zake hazihesabiwi. Miezi minane kwa mama, sufuri kwa kaka. Juzi akasema ataiacha dawa ili naye ahesabiwe. Mtu akiiacha ghafla, akirudia unga kwa kipimo chake cha zamani, anaweza kufa. Kaka anajua hilo kuliko mimi.

Chuo sikumaliza, lakini kusoma sijaacha. Irvin Yalom aliandika mwaka 1970 kwamba makundi ya kila aina huponya kwa mambo yanayofanana, mojawapo kugundua hauko peke yako. Nakubali nusu. Duara lilelile linalokuondolea upweke ndilo linaloamua nani ahesabiwe.

Uganda, huko Masaka na Rakai, walijaribu njia nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Wiki kumi na sita, wanaume kwao na wanawake kwao, na swali ni: umefiwa na nani, unagombana na nani? Kwa njia hiyo, kikao kingeanzia kwenye ile kalenda.

Kaka bado anakunywa dawa. Mama ameomba siku ya kikao cha wazi aende akakae kwenye lile duara. Kaka amesema atawauliza.