Pombe Isiyoguswaguswa

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika maelezo ya divai kwa duka moja la mtandaoni la Nairobi. Maneno hamsini kwa chupa, shilingi mia tatu. Sikuwa nimeonja hata moja, lakini ukishaacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo huchagui kazi, kwa hivyo nilisoma. Nikakuta kuna aina ambayo wenye pesa wanaililia: isiyoguswaguswa. Familia inapanda mizabibu bila dawa, inavuna kwa mkono, inaponda, halafu inaiacha. Hakuna hamira ya dukani. Chachu iliyo kwenye ganda la zabibu ndiyo inafanya kazi. Salfa ya kuzuia divai isiharibike inatiwa kidogo au haitiwi kabisa. Ikitoka na ukungu na uchachu fulani, mnunuzi anaambiwa hiyo ndiyo ladha ya udongo wa pale. Elfu nne chupa.

Nilikuwa nikichapa hayo nikicheka peke yangu. Dani amefanya kazi hiyo upande wa Seme, karibu na ziwa, tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Ila yake ni ya nafaka, na anaifanya akiangalia njia.

Mtu wa zabibu ana bahati. Sukari iko ndani ya tunda tayari, ukiponda tu chachu inaanza kula. Mahindi hayana huruma hiyo. Dani huloweka wimbi, analifunika kwenye gunia hadi liote, analianika, analisaga. Hicho ndicho kimea, na ndani yake mna vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari. Yeye hajui neno vimeng'enya na halimsumbui. Pembeni, unga wa mahindi uliokandwa na maji umekaa siku tatu ukichacha. Unga huo unakaangwa juu ya bati kubwa, kuni chini, mtu anageuza kwa koleo hadi uwe kahawia na harufu ifike barabarani. (Harufu hiyo ndiyo imewahi kutuponza.) Ukikauka unachanganywa na kimea na maji ndani ya pipa. Joto letu la Kisumu linafanya mengine. Siku mbili, tatu, inachujwa kwa gunia, na lazima iishe haraka kwa sababu kesho kutwa itakuwa siki. Hakuna alichoongeza. Waya, dada ya baba, anauza kwa mkebe wa Kasuku. Machicha yanaenda kwa kuku.

Karo ya baba ilitoka hapo. Yangu ya sekondari pia.

Kuna nchi inaitwa Georgia, ile ya karibu na Urusi, siyo ile ya Marekani. Wakulima wa huko huchachusha divai ndani ya vyungu vikubwa vilivyozikwa ardhini, na mwaka 2013 UNESCO iliuweka ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nilimwonyesha Dani picha kwenye simu. Aliangalia vyungu muda mrefu, akauliza: "Polisi wao wanapitia wapi?"

Sheria ya vileo ya 2010 ilifuta ile iliyokuwa ikipiga marufuku chang'aa, ikafungua mlango wa leseni. Baadaye leseni zikawa mambo ya kaunti. Kwa hivyo kwenye karatasi hata chang'aa, ambayo ni kali kuliko busaa mara nyingi, ina njia ya kuwa halali. Lakini njia hiyo imepimwa kwa mwenye jengo, vyeti na mtaji, siyo kwa mama mwenye pipa mbili nyuma ya jikoni. Mwaka 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa upya kutengeneza Senator Keg kwa mtama, na keg hiyo inapata nafuu ya ushuru ili watu waache pombe za vichochoroni. Nafurahi kwa wakulima wa mtama, kwa kweli. Ila mbona nafaka ikichacha kwenye pipa la chuma cha kung'aa ni uwekezaji, na kwa Dani ni kesi?

Sitaki kumpamba mtu. Watu wamekufa na kupofuka kwa pombe zilizotiwa methanoli, na najua nyumba ambazo mshahara huishia kwenye mkebe. Dani mwenyewe ana watu wawili ambao hawauzii, wake zao walimwomba. Hiyo nayo ni aina ya leseni, na mtoaji wake anamjua kila mnywaji kwa jina la mamake.

Saa hii goti limemkataa. Waya ameokoka na anasema Desemba ndiyo mwisho wake. Binamu yangu anataka waweke keg, faida ni ndogo lakini unalala usiku. Nikiwa mkweli, hesabu yake haina makosa.

Mimi nimeanza kwenda Jumamosi, matatu ya Kombewa, laptopu kwenye begi na nguo za moshi. Juzi nilikaanga bati zima peke yangu huku Dani amekaa kwenye kigoda. Akachukua punje moja, akaitafuna polepole, akaitema pembeni.

"Ndani bado, nyakwara. Geuza."