Kidonda Kisichotakiwa Kufunga

Penye kovu usidhani pamepoa, walisema wahenga, nao walikuwa wakizungumzia moyo kuliko ngozi. Washairi wa pwani nao wamelitumia neno kovu kwa maana hiyo hiyo, alama ya maumivu yaliyopita yasiyosahaulika. Hawakulazimika kulifikiria kovu kama hasimu ajaye baada ya tiba, akaifuta kazi ya tabibu. Katika nyanda kavu za Ugogo kovu la namna hiyo lipo, na mahali pake ni jichoni.

Ugonjwa wenyewe Kiswahili hakijaupatia jina la kuridhisha. Mtoto wa jicho ana jina la kale, lenye taswira ndani yake. Huu mwingine wasomi huuita glakoma, na wengine presha ya macho, jina linalopotosha kidogo, kwani msikilizaji hudhani habari ni ya damu. Kumbe ni maji. Ndani ya jicho hutengenezwa maji safi saa zote, nayo hutoka kwa njia nyembamba iliyo pembeni. Njia hiyo ikizibana shinikizo hupanda, na mshipa wa fahamu upelekao picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu yoyote. Kilichokufa hakifufuki.

Kongwa, wilaya ambayo wengi huikumbuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuanguka, ilipimwa macho kijiji kwa kijiji katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Kati ya watu 3,268 waliovuka umri wa miaka arubaini, zaidi ya wanne katika kila mia walikuwa na glakoma. Baadhi walishauriwa wapasuliwe. Si wote waliokubali.

Upasuaji huo ulielezwa na Cairns wa Cambridge mwaka 1968. Chini ya kope la juu daktari huinua utando laini ufunikao weupe wa jicho, hukata kilango chembamba katika ukuta wa jicho, hutoboa tundu, kisha hushona kwa kulegeza. Maji hupenya, hukusanyika chini ya utando kama lengelenge dogo, na kunywewa na damu. Ni mfereji mpya, basi. Lakini mwili haujui kwamba tundu lile ni la heri. Hulitazama kama utazamavyo mkato wa kisu jikoni, ukatuma askari wake wa kujenga, na baada ya wiki chache au miezi mfereji umezibwa na nyama ngumu. Imeonekana mara kwa mara kwamba wenye asili ya Kiafrika hujenga kovu hilo upesi na kwa wingi zaidi. Pia pale ambapo utando umekwisha kudhurika, kazi huwa ngumu. Na wazee wa Kongwa wanayajua makovu ya jicho tangu zamani, kwa sababu ya vikope, ambavyo huukakamaza utando huo huo upande wa ndani ya kope.

Ndipo matabibu wakaazima silaha za saratani. Mitomaisini, iliyopatikana Japani katika miaka ya 1950 kutokana na vijidudu vya udongoni, hulowekwa katika kipande cha sponji, huwekwa chini ya utando kwa dakika mbili hadi tano, kisha jicho huoshwa kwa maji mengi. Dakika hizo huwazuia wajenzi wasizaliane. Afrika ya Kusini walijaribu mionzi: kwa taarifa ya mwaka 2006, upasuaji ulishindwa ndani ya mwaka mmoja kwa watu 30 katika mia wasiopigwa mionzi, na kwa 5 tu katika mia waliopigwa, ingawa hawa walipata mtoto wa jicho zaidi.

Hata hivyo dawa ya dakika tano ndiyo sehemu nyepesi. Mchukue mzee wa kijiji cha mbali aliyepasuliwa Mvumi, hospitali yenye sifa ya siku nyingi katika tiba ya macho, mwezi Novemba. Anatakiwa atie matone ya steroidi mara kadhaa kwa siku, wiki baada ya wiki, na arudi ili daktari alibonyeze jicho au aukate uzi mmoja kabla kovu halijashika. Desemba mvua inanyesha, na Ugogo mvua ni ya msimu mmoja. Uwele na mtama havimngoji mtu. Tena haoni vizuri kuliko jana, maana upasuaji ulikuwa wa kulinda kilichobaki. Nani atamlaumu akibaki shambani?

Kwa hiyo umbali wa kijiji huingia chumba cha upasuaji. Daktari anayejua kwamba mgonjwa huenda asirudi huvutwa kuongeza nguvu ya dawa, naye anajua kwamba lengelenge likiwa jembamba mno huvuja, au huingiwa na vijidudu miaka mingi baadaye. Mzee hupewa agizo kabla hajapanda basi: jicho hilo likiwa jekundu, likauma na kutoa tongotongo, hata ikipita miaka kumi, asingoje kukuche.