Msiba wa Mufulira Ulivyolilwa Ihanda

Baba mdogo alirudi kijijini kwetu Ihanda, Mbozi, mwishoni mwa mwaka 1970 akiwa na sanduku la bati, blanketi na gitaa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Siku hizo vijana wetu wa Mbozi walikuwa wakivuka mpaka pale Tunduma kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na aliyerudi alitarajiwa kuja na baiskeli, nguo mpya na hadithi ndefu. Yeye hakusimulia kitu. Alisalimia, akala, akalala.

Sababu tuliijua kwa vipande vipande. Alikuwa mchimbaji Mufulira, mmoja wa migodi hiyo ya shaba. Usiku wa kuamkia alfajiri ya Septemba 25 mwaka huo, tope la mabaki ya mgodi lilibomoka na kumiminika chini ya ardhi, walikokuwa watu wa zamu ya usiku. Walikufa 89. Baba mdogo alikuwa wa zamu ya mchana. Kijana wa kijiji jirani, aliyeishi naye chumba kimoja, alikuwa wa usiku. Mwili wake haukurudi nyumbani.

Wazee walimwambia baba mdogo ajikaze, mwanaume halii mbele za watu. Akajikaza. Alipalilia kahawa, hakukosa ibada, hakugombana na mtu. Lakini usiku tulimsikia akizunguka uani mpaka majogoo.

Baridi ya mwaka uliofuata, wakati wa kuchuma kahawa, ndipo alipolitoa gitaa kwenye gunia. Uzi mmoja ulikuwa umekatika. Akaweka waya aliouchambua kutoka kwenye breki ya baiskeli. Alifunga penseli kwa uzi kwenye shingo ya gitaa ili sauti ipande. Alipiga kwa vidole viwili, mtindo ambao wachimbaji waliupenda kutoka kwa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye sahani zake zilianza kusikika miaka ya 1950. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene bila kuchoka, cha shahada kikaimba juu yake. Mimi nilipewa chupa ya soda na kijiko nishike mapigo.

Aliimba Kiswahili na Kibemba, maneno machache yanayozunguka. Alimuuliza mwenzake mbona ameliacha koti likining'inia ukutani, na sasa nani atalivaa.

Habari zilifika kwa mama wa marehemu. Jumapili moja alikuja kwa miguu, akaketi kwenye mkeka, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Piga tena, mwanangu." Alipopiga mara ya pili, mama yule alilia kwa sauti, na wanawake wa pale nyumbani wakalia naye. Baba mdogo naye alilia huku vidole vikiendelea. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama yule hakuwa na kaburi la kuinamia. Siku ile ndipo alipomlilia mwanawe kama inavyostahili.

Alikuja Jumapili nyingine nyingi. Polepole kilio kilipungua, akawa anakuja na karanga na kukaa kuzungumza. Baba mdogo akaanza kulala usiku. Akaanza pia kutusimulia Mufulira: giza la chini, mpira wa Jumamosi, utani wa rafiki yake. Huzuni haikufutika, ila ilipata mahali pa kuanzia na pa kuishia, na watu wa kuibeba pamoja naye.

Miaka mingi baadaye, Mbeya mjini, nilisikia kanda ya John Lee Hooker, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi na kufanya kazi viwandani Detroit: gitaa moja, mguu ukigonga sakafu, sauti ya mtu aliyechoka. Muziki huo Wamarekani weusi huuita bluzi. Nilimtambua mara moja, kwa sababu nilishawahi kumshikia mapigo mtu wa namna hiyo.

Baba mdogo ameshatangulia mbele ya haki. Ninayoyaandika ni kwa walio hai. Katika nyumba zetu bado tunawaambia wanaume wajikaze, na wengine wanajikaza mpaka wanavunjika. Ukimwona kijana wako amekaa na gitaa akirudiarudia wimbo wa huzuni, usimwambie aache kulialia. Vuta kigoda, keti, msikilize mpaka amalize.